Mwenye Nguvu Ampishe Mnyonge



Nabii Zakaria, katika sura ya nane, anatuonyesha alama ya mji uliobarikiwa na Mungu. Hataji majumba wala dhahabu. Anawataja wazee walioketi njiani, kila mmoja na mkongojo wake, na watoto wanaocheza humo humo bila hofu. Je, njia za miji yetu zingemfurahisha nabii huyu?

Sisi wa Shinyanga tumekuwa watu wa baiskeli tangu zamani. Kwa baiskeli tumewapeleka wagonjwa hospitali, tumebeba magunia ya mpunga, na vijana wengi wamelisha jamaa zao kwa kupakia abiria kiti cha nyuma. Geita nako, tangu mgodi mkubwa uanze kutoa dhahabu mwaka 2000, na mkoa kuundwa mwaka 2012, mji umezidi kutanuka. Tunajenga mbali, kisha twasema: bila gari hakuna maisha.

Ndugu zetu, gari si dhambi. Humwahisha mama mjamzito hospitali. Na daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea adha ya kungoja kivuko. Lakini mji unaojengwa kana kwamba kila mtu ana gari huwasahau walio wengi. Dar es Salaam iliteseka kwa foleni miaka mingi kabla ya mabasi yaendayo haraka kuanza kazi mwaka 2016, yakiwa na njia yake. Sisi tungali na nafasi ya kujifunza mapema.

Tuanze na nafsi zetu. Jumapili moja baada ya Misa tulimwona bibi mmoja akishuka kwenye lami na mkongojo wake, malori yakimpita ubavuni, kwa kuwa njia ya waendao kwa miguu ilikuwa imejaa magari. Yalikuwa magari yetu, sisi tuliotoka kuimba upendo wa jirani.

Wahenga walisema: mwenye nguvu mpishe. Barabarani tumeufanya usemi huo kuwa sheria: mwenye miguu ampishe mwenye baiskeli, naye ampishe mwenye gari. Injili yaugeuza: mwenye nguvu ndiye ampishe mnyonge.

Basi, palipo karibu twendeni kwa miguu. Mwenye gari ampakie jirani, wala asiegeshe penye njia ya wengine. Na katika mikutano ya mtaa tuombe njia za miguu na baiskeli kando ya kila barabara mpya, na viwanja vya shule na zahanati karibu na makazi ya watu.

Bwana wetu alisafiri kwa miguu. Ndiyo maana kilio cha kipofu wa Yeriko, aliyeketi kando ya njia, kilimfikia. Atujalie nasi kusikia. Amina.