Chakula cha Miti Kilichomo Hewani

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno moja tu: NA-I-TRO-JE-NI. Lisomeni pamoja, polepole. Neno ni la kigeni, lakini kitu chenyewe si kigeni, maana mnakivuta puani sasa hivi. Ukiigawa hewa mafungu 100, mafungu 78 ni naitrojeni. Haina rangi wala harufu. Tukiivuta, inatoka kama ilivyoingia.

Hakuna mti unaoweza kukua bila ya naitrojeni. Na hapa pana ajabu: mti umesimama katikati ya naitrojeni nyingi namna hiyo, lakini waweza kudhoofu kwa njaa. Majani hayawezi kuila ile ya hewani. Mti hungojea ile iliyomo udongoni, iyeyuke katika maji, ndipo mizizi ipate kuinywa. Udongo ukipungukiwa, majani ya zamani hugeuka manjano kwanza, kwa sababu mti huyanyang'anya chakula chake na kukipeleka kwenye machipukizi. Ukiona dalili hiyo, mti wako una njaa.

Wengi wetu tumepanda mikaratusi kwa ajili ya nguzo na kuni. Mkaratusi hukua upesi, na mwenye kukua upesi hula sana. Tena ni bahili. Kabla ya kuliangusha jani huivuta naitrojeni iliyomo, hata jani linapofika chini ni kama ganda la muwa lililokwisha tafunwa. Kisha huja mwenye shamba. Hukata magogo, hukusanya majani na matawi, akayatia moto ili mahali pawe safi. Gogo halina naitrojeni nyingi kwa uzito wake. Majani ndiyo yenye nyingi, nayo yakiungua, sehemu kubwa hupaa pamoja na moshi. Fanya hivyo mara mbili tatu, kisha usistaajabu nguzo zako zikiwa nyembamba na mnunuzi akizikataa. Watu husema udongo umechoka. Mimi nasema tumeunyima.

Sasa tuutazame mti mwingine, muwati. Watu wa Njombe wanaujua sana, kwa maana ulipandwa huko kwa ajili ya maganda yake yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Muwati ni jamii moja na kunde, maharage na karanga. Ukifukua mizizi yake utaona vifundo vidogo vidogo. Msidhani ni ugonjwa! Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu kidogo ndani, kama nyama, basi kinafanya kazi. Ndani yake wamo bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mti huwapa sukari, nao huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula ambacho mti waweza kukitumia. Bwana Hermann Hellriegel wa Ujerumani aliwaeleza wataalamu wenzake habari hii mjini Berlin mwaka 1886. Kabla ya hapo wakulima walijua tu kwamba kunde hustawisha shamba, wasijue sababu.

Je, miti hii miwili ikipandwa pamoja itakuwaje? Mwaka 1992 jambo hili lilianza kujaribiwa mahali paitwapo Cann River, katika jimbo la Victoria, Australia. Walipanda vipande vya mikaratusi mitupu, vipande vya miwati mitupu, na vipande vya kuchanganya, vingine nusu kwa nusu. Udongo wa pale ulikuwa na naitrojeni kidogo. Miaka 11 ilipopita, walipima uzito wa miti tangu ardhini hata kileleni. Vipande vya nusu kwa nusu vilikuwa na uzito kama mara mbili ya vile vya mikaratusi mitupu. Eneo ni lile lile, na nusu tu ya miti ni mikaratusi!

Huenda mmoja wenu akauliza: je, mizizi ya muwati humlisha jirani yake mkono kwa mkono? Siyo hasa. Chakula kingi hupitia chini ya miti: majani ya muwati huanguka yakiwa bado na naitrojeni nyingi, huoza, na mizizi myembamba hufa na kuoza vile vile. Ndipo mkaratusi unapokula. Kwa hiyo faida huchelewa, na anayefagia majani yale na kuyachoma amejinyima faida yote. Jambo la pili ni kwamba muwati, ukiwa na chakula chake kutoka hewani, haugombanii sana kile cha udongoni.

Lakini msiondoke hapa mkachanganye miti kila mahali. Palipo na naitrojeni ya kutosha tayari, mchanganyiko hauongezi kitu. Muwati unachukua nafasi tu. Palipo na upungufu wa fosforasi, ambacho ni chakula kingine cha mimea, vifundo havifanyi kazi vizuri. Na muwati ni mti mkorofi: mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi, zikaota mahali usipotaka. Afrika Kusini umewatia watu taabu kubwa kwa kuenea kando ya mito. Usiupande ukingoni mwa kijito wala karibu na malisho, na kabla ya kununua miche, mwulizeni Bwana Misitu wa wilaya yenu.

Kazi ya juma hili: kila darasa ling'oe shina moja la maharage au kunde, taratibu, mizizi isikatike. Hesabuni vifundo, pasueni vitano, muandike katika madaftari rangi mliyoiona ndani. Kama ni nyeupe au kijani, andikeni hivyo hivyo. Juma lijalo tutasema kwa nini.

Kwa herini.