Vijumba vya Ndege Samawati



Mtu aliyepata kufuga njiwa au kutundika mzinga wa nyuki anajua ya kuwa kiumbe hakai mahali kwa sababu mwenye mahali amependa, bali kwa sababu yeye mwenyewe amepaona panafaa. Leo nataka kuwaelezeni habari za watu wa Marekani na ndege wao mmoja, ambaye maisha yake yalikuja kutegemea upana wa tundu.

Ndege huyo amempita shorewanda kwa kimo kidogo tu. Mgongo wa dume ni samawati iliyokolea, kifua chake ni chekundu kama chungu kipya, na tumbo ni jeupe. Basi sisi na tumwite ndege samawati. Wakati wa joto hula panzi, mende na viwavi, na kwa hiyo wakulima wa upande wa mashariki wa nchi ile humpenda. Lakini hana mdomo wa kutoboa mti. Desturi yake ni kutaga katika tundu lililoachwa na kigong'ota, au katika nguzo ya ua iliyooza.

Taabu ilianza watu walipoleta ndege wageni. Tangu mwaka wa 1851 shorewanda waliletwa Brooklyn kutoka Uingereza, nao ni jamaa ya hawa tunaowaona Mombasa na Unguja. Mwaka wa 1890 Eugene Schieffelin akafungulia kwezi wa Ulaya wapatao 60 katika bustani ya Central Park, New York. Wote hao hutaga matunduni, tena ni wagomvi: shorewanda huweza kumwua ndege samawati juu ya mayai yake. Wakati huo huo miti mikavu ilikatwa, na nguzo za chuma zikashika mahali pa nguzo za mti. Ndege samawati wakakosa pa kutaga, wakapungua sana.

Kumpa ndege nyumba si jambo jipya huko. Wachoctaw na Wachickasaw, wenyeji wa kusini, walikuwa wakitundika vibuyu vilivyotobolewa ili mbayuwayu wakubwa wakae ndani. Mwaka wa 1934 T. E. Musselman wa Illinois alianza kuweka visanduku kwa safu kando ya njia za mashambani kwa ajili ya ndege samawati, na watu wengi wakamfuata. Siku hizi ndege hao wameongezeka tena.

Sasa tukitazame kisanduku chenyewe. Shina la jambo ni tundu. Litobolewe kwa keekee, kipenyo milimita 38, wala lisizidi. Hapo ndege samawati hupita, lakini kwezi hukwama kifua. Wengine hupigilia kijiti mbele ya mlango kwa kuwa chapendeza macho. Mimi naona ni upuzi, maana mwenye nyumba hakihitaji, na shorewanda hukitumia kusimama na kumsumbua. Sakafu iwe na upana wa sentimita 10 hadi 13 kila upande, pamoja na vitobo vya kutolea maji. Ubao wa ndani, chini ya tundu, usipigwe randa, ili makinda wapate pa kushika wanapopanda kutoka. Ubavu mmoja ufunguke.

Shorewanda hazuiwi na tundu hilo, kwa kuwa yeye ni mdogo. Dawa yake ni mahali. Kisanduku kiwekwe mbali na ghala na mazizi, penye majani mafupi na uwazi, urefu wa mita 1 na nusu hivi kutoka chini. Mlango ukipe kisogo upepo wa mvua, nao uelekee mti au kichaka kisichopita mita 30, ili kinda arukapo mara ya kwanza apate pa kutua asianguke majanini penye paka. Kisipigiliwe mtini, kwa maana nyoka na rakuni hupanda. Nguzo laini ya chuma ni bora, nayo ivishwe bati pana katikati, kama yale mabati ya duara yanayovishwa kamba za meli bandarini ili panya wasipande.

Tena kitazamwe kila juma, na kiota cha shorewanda kitolewe. Jike wa ndege samawati hutaga mayai 4 au 5, akayaatamia kiasi cha siku 14. Makinda wakipata siku 12, usifungue tena, kwa kuwa wakishtuka hutoka kabla ya mbawa zao kukomaa. Wakiisha kuruka wenyewe, toa kiota chote cha zamani ukakitupe mbali. Mara nyingi mama hutaga tena mwaka ule ule.