Tunza Betri ya Laptopu Ikutunze



Umeme ukipotea jioni, mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo wa HELB hutegemea betri ya laptopu. Ikiwa imechoka, kazi hukatika katikati huku siku ya mwisho ikikaribia.

Betri za lithiamu huchakaa kila zinapochajiwa. Nyingi huanza kupungua nguvu baada ya kujazwa mara 300 hadi 500. Joto na kukaa zimejaa muda mrefu huzichosha mapema zaidi.

Kwa hivyo, usitumie laptopu juu ya blanketi wala kuiacha ndani ya gari juani. Ichaji ikishuka hadi asilimia 20, na uichomoe ikifika 80. Ukiiweka kabatini kwa miezi, izime ikiwa na chaji nusu.

Betri ikivimba, acha kuitumia na usiichaji tena. Usiitoboe, usiichome wala kuitupa jalalani, kwani inaweza kushika moto. Mpelekee fundi anayezifahamu au wanaokusanya taka za kielektroniki.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya betri huoza isipotunzwa.