Dadu, penseli na zimwi la kufikirika

Mwaka 1975, vijana watatu wa London, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, walianzisha kampuni ya Games Workshop. Waliagiza kutoka Marekani nakala 6 tu za Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa mwaka 1974; mwaka 1978 kampuni hiyo ikafungua duka Hammersmith.

Vifaa vya mchezo huo ni haba: karatasi, penseli na dadu. Msimulizi hueleza pango lenye giza, wachezaji huamua la kutenda, dadu huhukumu. Shujaa aliyelelewa kwa miezi kadhaa aweza kuangamia kwa mrusho mmoja.

Mvuto wake, msikilizaji, ni ule wa ngano za bibi: kila mtu huona zimwi lake. Ila hapa anayesikiliza ndiye anayepaswa kupambana nalo.