Kadi Iliyopandishwa Kasi na Karatasi ya Waranti
Mada kwa mafundi wa kompyuta na wauza vifaa, Lushoto



Nimeombwa nieleze kama mteja aliyepandisha kasi ya kadi ya grafiki amepoteza waranti. Madukani jibu hutoka upesi: amepoteza. Silikubali jibu hilo lilivyo.

Tuitazame kadi yenyewe. GTX 1060 ina kasi ya msingi ya MHz 1506, lakini hujipandisha yenyewe hadi 1708 na kupita, mradi joto na umeme viruhusu. NVIDIA ilileta utaratibu huo mwaka 2012. MSI nao wanagawa bure programu ya Afterburner, ambayo kazi yake ni kuchezea kasi, volti na feni. Kuna hata maboksi yaliyoandikwa "OC", yaani kiwanda kimeshapandisha. Halafu ukifungua masharti ya waranti unakuta uharibifu uliosababishwa na kupandisha kasi haulipwi!

Hata hivyo, uharibifu uliosababishwa na kupandisha si sawa na kupandisha kwenyewe. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba prosesa za AMD Threadripper 7000 zina fyuzi ndogo ndani inayoungua moja kwa moja mwenye mashine akiruhusu kupandisha kasi. Watu walipolalamika, kampuni ilifafanua kuwa fyuzi kuungua hakufuti waranti. Kinachokataliwa ni hitilafu iliyoletwa na kupandisha huko. Hiyo ni prosesa, si kadi, lakini hoja ni ileile.

Sasa joto. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, ila kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ongeza kasi asilimia 5 peke yake, umeme unaongezeka kiasi hichohicho. Ongeza na volti asilimia 10, jumla inafika karibu asilimia 27. Kasi ikizidi, kwa kawaida picha huchafuka au mashine huganda, ukirudisha inapona. Volti ndiyo inayokula umri wa kadi.

Na hapa kwetu kuna mtego. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari; hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo feni hubeba joto pungufu kuliko ambavyo ingebeba pwani. Baridi inafidia hilo na chenji inabaki. Fundi anapima kadi usiku wa Julai, chumba kina nyuzi 14, kadi inasoma 62, anaridhika. Mteja anashuka nayo Tanga, chumba kina nyuzi 32, kadi inagonga 80, na mashine inazima katikati ya video ya harusi. Anarudi kudai kauziwa kadi mbovu, kumbe kadi ni nzima: mipangilio yake ilikuwa ya Lushoto.

Wengi wetu hatuna waranti ya kiwanda mkononi. Tuna risiti ya Kariakoo na mhuri wa miezi mitatu, basi. Lakini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ya ubora hata yasipoandikwa kwenye risiti, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji pia. Kwa Sheria ya Ushahidi, anayedai jambo ndiye alithibitishe. Mteja aonyeshe ubovu. Muuzaji anayesema "umeichoma mwenyewe" naye aonyeshe alichokiona. Stika iliyochanika inaonyesha kadi ilifunguliwa tu, pengine ili kupanguswa vumbi na kubadilishwa pesti ya kupitisha joto.

Kadi za mtumba zina kisa chao. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizotumika kuichimba ziliingia sokoni, nyingine zikiwa na BIOS iliyochezewa. Mteja wa mji jirani wa Soni anaweza kulaumiwa kwa kazi ya mtu aliye nchi nyingine kabisa.

Kwa hiyo napendekeza kila kadi ijaribiwe dukani nusu saa kwa mipangilio ya kiwandani, mteja akiwepo, na risiti ibebe namba ya kadi, toleo la BIOS na joto la juu lililofikiwa. Mteja akitaka kasi pekee, waranti ya duka iendelee. Akitaka volti iguswe, tuandike hapohapo kwamba inakoma, na asaini kabla fundi hajashika kipanya.