Mti wa Bahati na Hatima ya Ukoo

Msikilizaji, mwaka 1873 Francis Galton wa Uingereza aliuliza: kwa nini majina ya koo hupotea? Mchungaji Henry Watson alimjibu kwa hesabu, akahitimisha kwamba kila ukoo lazima utoweke. Alikosea. Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alikwisha kueleza kanuni sahihi mwaka 1845.

Ili kuielewa kanuni hiyo, chora mti wa ukoo ambao kila tawi huzaa matawi kwa bahati, bila kutegemea mengine. Wastani wa matawi yanayozaliwa na kila tawi ukiwa chini ya 1, mti hufa. Ukiwa 1 kamili, bado hufa, isipokuwa kila tawi lizae moja bila kukosa. Ukizidi 1, upo uwezekano wa kudumu, lakini si hakika. Tuseme tawi lina nafasi 1 kati ya 4 ya kukauka, na 3 kati ya 4 ya kuzaa mawili. Wastani ni 1.5, lakini uwezekano wa mti kufa ni theluthi moja.

Hesabu hiyohiyo hupima mwanzo wa mlipuko wa ugonjwa: mgonjwa ni tawi, na anaowaambukiza ni matawi yake. Kwa hiyo, tukisikia idadi ya wagonjwa, tuulize pia: kila mmoja anaambukiza wangapi? Kuushusha wastani huo chini ya 1 mapema, wagonjwa wakiwa wachache, ndiko kunakookoa maisha.