Kabla ya Kuchimba Msingi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni, pamoja na kuziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la fundi na saruji tu, nalo ni kujenga nyumba juu ya kiwanja ambacho mtu anacho tayari.

Mwenye kununua kiwanja huwa na hadhari. Huwauliza majirani, hutaka hati, hutafuta mashahidi. Lakini mwenye kusema, "Kiwanja ninacho, ni cha kwetu," haulizi kitu. Humwita fundi, wakapiga vigingi na kukaza kamba, na kesho yake majembe yamo ardhini. Neno hilo "cha kwetu" ndilo tunalotaka mlitazame.

Natuchukue mfano. Mtu amefariki, madeni yake yamelipwa na wasia wake umetekelezwa. Amemwacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, na mali yenyewe ni kiwanja kimoja. Sharia inampa mke thumni kwa kuwa marehemu ana watoto; kilichobaki hugawanywa baina ya watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Tukikihesabu kiwanja kile kuwa hisa 40, mama ana hisa 5, kila mwana wa kiume ana 14, na binti ana 7. Basi yule kijana aliyerudi safarini na akiba yake, akajenga vyumba vinne na baraza katikati ya kiwanja, amejenga juu ya hisa 14 zake na juu ya 26 za wenziwe. Na wanachuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wanasema kuwa mshirika hajengi katika mali ya shirika ila kwa idhini ya washirika wenziwe. Kibali cha ujenzi alichopewa na baraza la mji kinaikubali ramani, hakigawi mirathi.

Atasema, "Dada yangu alikuwapo, wala hakusema neno." Hili tumelisikia mara nyingi, na linatusikitisha. Kunyamaza kwa mwanamwali kumefanywa kuwa ni idhini katika kuozwa, kwa sababu ya haya yake. Katika mali sivyo, aliyenyamaza hasemewi. Dada huyo ananyamaza kwa kuwa akidai ataambiwa hana adabu, amemshtaki nduguye kwa ajili ya udongo, na pengine anamhitaji nduguye huyo siku akiachwa na mumewe. Hiyo haiitwi ridhaa.

Tuliwahi kuitwa kusuluhisha katika nyumba moja ambayo kuta zake zimefika kwenye linta, na mabati yamekwisha nunuliwa na kulazwa uani. Siku ya msingi ndugu wote walichota maji ya zege kwa furaha. Mirathi ya baba yao ilikuwa haijagawanywa. Kisha dada mmoja akafariki, wakaja watoto wake kudai haki ya mama yao, nao hawakuwa na ile haya aliyokuwa nayo mama. Kazi ikasimama. Mabati yakashika kutu palepale uani, huku watu wakibishana kama ihesabiwe thamani ya udongo peke yake au udongo pamoja na kuta. Aliyejenga hakuwa mdhalimu, na sisi tunamjua. Aliahirisha swali moja tu.

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, mwaka 622, mahali alipotaka kujenga msikiti palikuwa ni uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Imepokewa kuwa walitaka kuutoa bure, naye akakataa mpaka akaununua. Ndipo yakapangwa matofali ya udongo, zikasimamishwa nguzo za magogo ya mitende, na pembeni vikajengwa vyumba vya nyumba yake. Tazameni: ni msikiti, na wenyewe wameridhia, na bado bei ikatolewa.

Njia zipo, wala si ngumu. Kiwanja kikigawika, kigawanywe na kila mmoja aoneshwe mpaka wake. Kisipogawika, mwenye kujenga awanunulie wenziwe mafungu yao, au wapatane kwa sulhu watoke kwa kitu kingine. Wakitaka kumpa bure, kwanza waambiwe fungu lao ni kiasi gani, kwani mtu hasamehi asichokijua. Yote yaandikwe mbele ya mashahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani inahusu kuandikiana madeni. Na sisi watu wa pwani tuna la zaidi la kuuliza, maana huku minazi yaweza kuwa ya huyu na udongo wa yule.

Basi ambaye matofali yake yamekwisha pangwa na fundi ameahidiwa Jumatatu, bado ana Jumamosi na Jumapili. Awaendee mama yake na ndugu zake. Amwanze dada mdogo, faragha, na asimpelekee karatasi iliyokwisha andikwa ili atie sahihi tu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi nanyi. Amin.